Mzunguko wa Protoni

Miaka minne ya masomo yangu ya uzamivu nilitafuta jambo moja: gluoni, chembe zinazoifunga protoni kwa ndani, zinachangia kiasi gani mzunguko wake. Nilipima kwa kuchambua jozi za kwaki nzito, aina ya chembe za msingi, zilizoshikamana, zinazozaliwa protoni zikigongana.

Asubuhi moja, chumbani kwetu juu ya duka la vitenge la mama, Kariakoo, jibu likatoka. Makosa ya kipimo yalikuwa makubwa kuliko kipimo chenyewe. Huenda gluoni zinachangia, huenda hazichangii kabisa. Nililia mpaka mama akanisikia, akapanda ngazi.

“Umefeli, mwanangu?”

“Sijafeli, sijafaulu. Sijui chochote, mama.”

Alikaa sakafuni kando yangu, wateja akawaacha dukani. Jioni nilimwandikia msimamizi wangu kwamba naacha masomo.