Aliyeondoka na Mwisho wa Kitabu

Kwao walimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga mlango. Baada yake mama yao hakuzaa tena. Na kuwa wa mwisho katika nyumba ile kulikuwa na adhabu ambayo watoto wa nyumba nyingine hawakuijua. Baba yao alikuwa mjalidi. Siku nzima alikaa kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba, akifumua vitabu vilivyochoka, akivishona upya kwa uzi uliopakwa nta, kisha akivivalisha majalada mapya. Kitabu kipya kilipoingia nyumbani, watoto wote watatu walikivamia kwa pamoja, na baba hakuwa mtu wa kukaa kuamua kesi. Alichukua kisu, akakifumua vipande vitatu, akagawa kwa umri: kaka mwanzo, dada katikati, Kitinda mwisho. Ukimaliza chako mnabadilishana, na wote wakishamaliza, baba anakishona tena kuwa kitabu. Sheria ilikuwa moja tu: marufuku kumwambia mwenzio yaliyo kwako.

Kwa hiyo Kitinda alikua akihudhuria harusi za watu kabla hawajachumbiana. Alijua nani kafa kabla hajajua alikuwa nani. Kaka yake akianza kusoma kwa furaha habari za kijana fulani shupavu, Kitinda alimtazama kwa huruma, maana kwenye kurasa zake kijana huyo alishazikwa zamani. Lakini hakusema. Kama kuna shule inayofundisha mtu kufunga mdomo, basi yeye aliihitimu akiwa bado ana meno ya utoto.

Alipopata kazi ng'ambo alikuwa mtu mzima, na desturi ya kisu haikuwa imekufa. Baba alikuwa ameleta kitabu kipya, kinene, habari za fundi saa na shemeji yake, na kama kawaida kilikuwa kimeshafumuliwa. Safari ikawahi kuliko usomaji. Asubuhi ya kuondoka Kitinda alikitoa kipande chake kwenye begi akamrudishia baba, naye akausukuma mkono wake.

"Nenda nacho," akasema. "Mwanzo na kati utavikuta hapa."

"Na nyinyi mtakaa bila mwisho?"

"Tutangoja. Ila usituambie kwenye simu. Utauleta mwenyewe."

Wote walicheka, hata mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa akifuta macho kwa ncha ya kanga.

Huko ng'ambo Kitinda aliajiriwa kwenye chumba cha pasi cha hospitali kubwa. Mashuka yalikuja kwa matoroli, yakiwa bado na unyevu, naye aliyanyoosha chini ya mvuke tangu asubuhi hadi miguu ianze kumlaani. Alihama vyumba vya kupanga mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka; kimoja kilivuja, kingine kilikuwa na mwenye nyumba aliyehesabu dakika mtu akioga. Vitabu alivyonunua aliviacha nyuma kimoja kimoja, kwa kuwa ni vizito na mabegi hayana huruma. Kipande kile hakukiacha. Alikizungushia foronya nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe, kikalala chini ya mto wake katika kila chumba.

Alikisoma mpaka akakikariri. Mvua inanyesha, mlango unagongwa, fundi saa anafungua na kumkuta shemeji yake amesimama na sanduku kwapani. Wanatazamana kurasa mbili nzima. Halafu fundi saa anasema, "Ingia, chai inapoa." Basi. Yule shemeji alikuwa amefanya nini? Kitinda hakujua. Siku nyingine, mikono ikiwa kwenye mashuka, alimshtaki kwa wizi wa saa; siku nyingine kwa jambo baya zaidi. Nyumbani nao walikuwa na tatizo lao lililogeuzwa: alichofanya walikijua, ila hawakujua kama atasamehewa. Kila akipiga simu dada yake alidakia, "Usiniambie, lakini akisamehewa yule mshenzi, kitabu chenyewe nitakitia jikoni." Kitinda alicheka mbavu zikamuuma, kisha simu ikikatika alibaki ameishika mkononi, na chumba kikawa kimya kuliko kilivyokuwa mwanzo.

Kwa nini hakurudi? Mwaka wa kwanza hakuwa na haki ya likizo. Uliofuata alikuwa nayo, lakini mwenzake akaugua, akaombwa amshikie zamu. Baadaye ikawa hivi, ikawa vile, mpaka sababu zenyewe zikaisha na likabaki neno tupu: mwakani. Mama yao alifariki katika mojawapo ya miaka hiyo, na Kitinda alilia kwenye kabati la mashuka, kwa sababu tiketi haikupatikana kabla ya mazishi. Hata baada ya hapo aliendelea kusema mwakani. Tusimseme sana, neno hilo ni tamu mdomoni na halimdai mtu kitu siku hiyo.

Kisha dada yake akampigia siku ambayo si ya kupiga.

"Baba macho," akasema. "Daktari anasema miwani haina tena la kumsaidia. Anaona mlango, anaona mtu akija, herufi hazioni. Kibanda amekifunga. Yaani anakaa tu pale nje ameshika tama."

"Kitabu je?"

"Kitabu gani? Ah, kile. Mwanzo na kati bado vipo mezani kwake. Hataki viondolewe."

Kitinda hakuweza kula siku hiyo. Aliwaza kitu kimoja tu: baba ataingia gizani bila kuusoma mwisho, na mwisho uko chini ya mto wake.

Mtu mmoja kazini alikuwa na kifaa cha kusomea vitabu, kibao chembamba alichokitoa mfukoni wakati wa chai, na Kitinda alikuwa akikitamani siku nyingi kwa ajili yake mwenyewe. Maktaba nzima kwenye kitu chepesi kuliko sahani! Hata mwenye nyumba akikufukuza, unahama nayo mfukoni. Sasa alisikia jipya: herufi zake unaweza kuzikuza utakavyo. Siku yake ya mapumziko alikwenda dukani.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, mpole, asiyeharakisha mtu. Akaweka cha kwanza mezani. Kilikuwa na rangi zote, kilicheza muziki, kilionyesha hali ya hewa.

"Hii ni simu iliyonenepa," Kitinda akasema. "Ninayo moja tayari inanisumbua."

Mama akacheka, akaleta cha pili. Hiki kilikuwa kimetulia. Kioo chake kilifanana na karatasi, hakikuumiza macho, na chaji yake, alisema, mtu huisahau. Unagusa ukingo tu na ukurasa unageuka. Kitinda akagusa. Ukurasa haukugeuka. Akagusa tena, akabonyeza, akasugua kidole kwenye gauni na kujaribu upya. Muuzaji akanyoosha kidole chake laini, akagusa kidogo tu, na ukurasa ukageuka kwa adabu zote.

"Vidole vyako ni vikavu sana, dada. Unafanya kazi gani?"

"Pasi."

"Ndiyo sababu. Kioo hakikusikii."

Kitinda akaugeuza mkono wake juu. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa ngumu, inang'aa, mistari yake imefutika. Aliwahi kuviona vidole hivi. Alivifahamu tangu mtoto, vikivuta uzi, vikisambaza gundi moto bila kustuka, na wakati huo alidhani baba alizaliwa navyo. Alitamani sana, pale pale dukani mbele ya mtu asiyemjua, kuviweka vidole vyake juu ya vile. Akajifanya anakohoa.

"Hakuna chenye vitufe?" akauliza.

Mama akafungua droo ya chini. Kifaa alichokitoa kilikuwa cha zamani kidogo, kinene pembeni, na muuzaji alikiweka mezani kama anayeomba radhi. Lakini kilikuwa na vitufe viwili, kimoja kila upande. Kitinda akabonyeza. Kikalia ka! na ukurasa ukageuka. Akabonyeza tena kwa raha tu ya kusikilizwa. Mama akamwonyesha jinsi ya kukuza herufi, akazikuza hadi maneno matatu yakajaza kioo kizima.

"Hiki hata baba yangu angekiweza," Kitinda akasema.

"Taja kitabu chochote, tujaribu kama kimo."

Naye bila kufikiri akakitaja kile. Mama akaandika, akangoja kidogo, akatabasamu. "Kipo! Chote." Akamgeuzia kioo, na pale, kwa herufi kubwa, ulikuwa ukurasa wa kwanza. Kitinda aliona neno *shemeji*, akaona neno *alfajiri*, na kiganja chake kikatua juu ya kioo kabla hajakituma.

"Funga! Mama, tafadhali, funga!"

"Kuna nini? Kimeharibika?"

Hakikuharibika. Kilifanya kazi vizuri mno. Miaka yote hiyo alikuwa ameuwaza mwanzo ule kama kitu kilichofungiwa ndani ya nyumba moja tu duniani, juu ya meza moja, na kumbe ulikuwa dukani, kwenye droo, kitufe kimoja tu. Na mwisho pia. Angeweza kumpelekea baba kifaa hiki kesho, naye angebonyeza mpaka afike kwenye mvua na mlango na chai. Yeye angesoma mwanzo kitandani kwake. Wote wangekuwa wamemaliza kitabu. Lakini hakungekuwa tena na mtu wa kumngoja mwenzake kwa lolote, na wazo hilo lilimuuma kiasi kwamba alishika ukingo wa meza.

Hata hivyo macho ya mzee hayakuwa na mwakani. Akapiga moyo konde, akamwomba mama yule amsubiri, akatoka nje kwenye barabara yenye kelele na kupiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo si siku yako. Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Niko dukani. Kuna kifaa hapa cha kusomea, kina vitufe, hata kwa vidole vyako kitakubali. Herufi unazifanya kubwa utakavyo. Nakutumia, baba. Na kile kitabu kimo chote, mpaka mwisho. Usome mwenyewe, usiningoje tena mimi."

Benchi likalia huko upande wa pili.

"Wa nini huo mwisho?" baba akasema.

"Si ndio uliokuwa ukiungoja miaka yote?"

Mzee akacheka, kile kicheko chake kinachoanzia puani. "Shemeji anasamehewa. Anaambiwa aingie, chai inapoa."

Kitinda akasimama katikati ya njia. Mtu mmoja akampiga kikumbo na kupita.

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie mimi? Ni nani aliyekitia kisu? Kitabu hakikufumuliwa nyumbani kwangu kabla sijakimaliza. Tangu mkiwa wadogo. Nyinyi mlidhani nagawa nisichokijua?"

"Na dada anavyobishana kila siku?"

"Mwache abishane, anatuchangamsha."

"Sasa, baba, ulikuwa unangoja nini?"

Swali lilimtoka kabla hajalipima, na mara lilipotoka alijua jibu lake, akatamani kulirudisha. Baba akasema taratibu, bila kicheko.

"Nilimpa mtoto wangu kitu nusu, nikasema huyu hatavumilia kukaa na nusu. Atarudi kutafuta iliyobaki. Kumbe nilikufundisha kungoja vizuri mno." Akavuta pumzi. "Usinitumie kifaa, mama. Herufi nimeshaziaga. Lakini mtu akiingia mlangoni bado namwona. Hata macho hayo sijui nitabaki nayo hadi lini."

Kitinda alilia barabarani, mchana kweupe, bila kujificha popote. Watu walimpisha. Alilia kwa ajili ya mama yake pia, aliyefuta macho kwa kanga asubuhi ile na hakumwona tena.

"Jalada lipo?" akauliza alipoweza.

"Lipo tangu mwaka ule ule. Gundi ipo, uzi upo. Shida ni sindano, tundu silioni."

"Nitakutungia uzi mimi."

"Lini?"

Akafungua mdomo na neno lile likawa limeshakaa kwenye ulimi, kama kawaida yake. Akalimeza.

"Mwezi huu, baba."

 Akamsikia baba akimwita dada yake kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, akimtaka alete ufunguo wa kibanda.

Alirudi ndani macho mekundu. Muuzaji, kwa uungwana wake, hakuuliza.

"Nitachukua cha vitufe," Kitinda akasema. "Nitilie vitabu vyote vya Kiswahili unavyovipata, nina safari ndefu. Ila kile usikitie."

"Hata kidogo? Si ndicho ulichokitaka?"

"Mwanzo wake uko nyumbani. Naufuata."

Kesho yake alikwenda kwa msimamizi wa chumba cha pasi kuomba likizo, zote zilizolimbikizana. Msimamizi alitoa macho. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu Kitinda aanze, na Kitinda hakuwahi kumwomba hata siku moja.

"Wewe?" akasema. "Mimi nilidhani wewe huna kwenu."

"Ninako," Kitinda akajibu. Kisha akarudi kwenye pasi yake, kwa sababu toroli la asubuhi lilikuwa limeshafika, akavuta shuka la kwanza.