Sindo wa Jumatatu ya Poda

Benigna Brito alisokota sigara kwa miaka arobaini na mitano mjini Santa Cruz de La Palma, na kwa maneno hakuna aliyemweza. Kaka yake Gumersindo, waliyemwita Sindo, alipanda meli ya Kuba Benigna akiwa na miaka tisa. Hakuandika hata barua moja. Mama yao alikufa akimngoja.

Jumatatu ya kanivali mji mzima huvaa nguo nyeupe, hubeba masanduku na kujifanya matajiri waliorudi kutoka Kuba, huku wakimwagiana poda. Watani wa mtaani walikuwa na mchezo wao: kila mwaka lazima wachache wao wagonge kwa Benigna, kila mmoja akidai yeye ndiye Sindo. Naye huwafukuza kwa kicheko.

Mwaka mmoja akagonga mzee mwenye suti nyeupe iliyochakaa.

"Benigna, ni mimi. Sindo."

"Wewe wa tatu leo. Mwenzako wa mwaka jana alikuja na kasuku, wako yuko wapi?"

"Sina kasuku. Mama yupo?"

"Mama kapanda meli kaenda Kuba kukutafuta. Mfuate huko huko."

Akammwagia kopo zima la poda. Mzee akakohoa, akashuka ngazi polepole. Benigna alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Jumatano ya Majivu akaitwa kwenye nyumba ya wageni ya bandarini. Mzee alikuwa amefia kitandani, hati zake zikiwa na jina la Gumersindo Brito, na poda ingali kwenye nyusi.

Tangu hapo nyumba haikumpa raha. Mchana kweupe alisikia mtu akikohoa nyuma ya mlango. Akifungua, ngazi tupu. Nyayo za poda alizoacha mzee ngazini alikataa zifutwe. Watani nao wakaacha kugonga. Haya iliwajia imechelewa, mimi nasema.

Kanivali ya sita baada ya kifo kile, Benigna alimwita kinyozi aliyeanzisha mchezo ule, jina lake Tano, alipokuwa akipita na sanduku lake.

"Gonga," alimwambia. "Sema kama zamani."

Tano akagonga, akasema yeye ndiye Sindo. Benigna akamketisha, akampangusa poda usoni kwa kitambaa cha maji ya moto.

"Mama alikufa," akasema. "Alikuita mpaka mwisho. Na mimi nikakufukuza. Umenisamehe?"

"Nimekusamehe, mdogo wangu."

Benigna akaweka kitambaa chini.

"Sindo asingenijibu haraka hivyo," akasema, akaenda kumfungulia mlango atoke.