Treni ya Chini ya Ardhi

Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikianza kunukia jikoni kwangu, hapa Buffalo, narudi utotoni, kwenye meza ya jikoni kwetu Louisville. Tulikuwa tumetoka Kongo juzijuzi, wakimbizi wa vita. Mama anakoroga sombe, mimi namfasiria somo langu la historia ya Kentucky: watumwa walitoroka kwa reli ya chini ya ardhi, wakavuka mto mpaka Ohio, ambako hakukuwa na utumwa.

Mama akageuka, mwiko mkononi. "Bon, gare ya hiyo treni iko wapi? Tupande, twende kwa mjomba wako Columbus, hukohuko Ohio."

Jumamosi tukaenda mtoni kuitafuta, yeye na kitenge chake, mimi na aibu yangu. Tukaona daraja, matope na bata.

Jumatatu nikamsimulia mwalimu, akacheka. Reli ilikuwa jina tu la njia za siri. Watu walitembea kwa miguu porini, wakijificha, na watoto mgongoni.

Nikamweleza mama. Akaacha kukoroga.

"Na batoto bakilia, balikuwa banafanya namna gani?"

Kitabu hakikusema. Nikafungua mdomo nijibu hivyo, mama akauziba kwa kiganja chake, taratibu, kama anayemnyamazisha mtoto mafichoni, akiangalia dirishani.

Kiganja kilinukia sombe. Wakati ule sikujua nimekosa nini.