Shamba la Katikati

Redio ilitangaza nikiwa napepeta mchele: Somalia imekubaliwa kwenye umoja wa nchi zetu. Mume wangu akacheka. "Nchi haijatulia yenyewe kwa yenyewe, wanaiingiza ya nini?"

"Hebu nyamaza!" nikamjia juu. "Ina bahari, ina soko, imepakana na Kenya. Imeomba miaka na miaka, na rais mmoja tu akikataa, haingii. Ukimwacha jirani nje, moto wake utauzuia na nini?" Alinishangaa. Hakujua namtetea shoga yangu.

Kule bondeni mashamba yetu ya mpunga yamefuatana, na kila mtu ana dungu, kibanda cha juu ya miti cha kuamia, yaani kufukuza ndege na nguruwe pori. Mmoja akizembea, nguruwe wanapita kwake wanatumaliza wote. Ndiyo maana mgeni haingii mpaka wote tukubali.

Shoga yangu aliomba shamba la katikati. Kulima anajua, hilo hakuna aliyebisha. Ila kwao mumewe na shemeji zake waligombea urithi mpaka kushikiana mapanga. Msimamizi wetu wa mashamba akatuuliza mmoja mmoja, faragha. Wenzangu wote walikubali. Mimi niliogopa ugomvi ule usihamie kwenye mpunga wangu. Nikasema hapana.

Akaambiwa tu kuwa mmoja wetu amekataa, akahamia Chumbi, kwenye mashamba mengine ya mpunga. Siku ya kuagana nililia naye, nikawalaani watu wenye roho mbaya. Mnafiki mkubwa mimi!

Shamba lile liliota magugu, nguruwe wakapata njia. Lakini wallahi, si nguruwe wanaoniumiza. Nimemkumbuka yeye mwenyewe, alivyokuwa akija kwenye dungu langu, tukitafuna miwa na kuwasengenya waume zetu mpaka tunasahau ndege. Sijapata mwingine wa kucheka naye hivyo.

Msimu huu niliwapitia wenzangu dungu kwa dungu. Wote wakakubali tumwite. Nikampigia simu.

"Shoga, rudi. Shamba lako lipo."

"Na yule aliyenikataa, safari hii kakubali?"

"Kakubali."

"Nani huyo? Siwezi kuamia ubavuni mwa mtu nisiyemjua."

"Ni mimi, shoga."

Hakukata simu. Nilisikia mtu wa huko akimwita, kwamba ndege wameshuka.

"Ngoja nikaamie," akaniambia taratibu. "Huku walikubali wote."