Ua Linaloangalia Chini

Jirani yangu ni mzaliwa wa Bukavu, na karibu kila siku huvuka daraja la mpakani kwenda huko na bidhaa zake. Jioni moja alirudi na kijiti kimefungwa katika kitambaa kilicholowa. Alikuwa amekiomba kwa rafiki yake huko.

"Maman, wewe unapendaka maua," aliniambia. "Hii ni fushia. Panda. Ikitoa maua, utaniambia sababu, juu ya nini inaangalia chini."

Nilikipanda mbele ya nyumba, penye jua, kando ya mawaridi. Mimi hushona nguo barazani, kwa hiyo nilikuwa nakitazama kila nilipoinua macho kutoka kwenye cherehani. Kilichipua vizuri, kisha kiangazi kikaingia na majani yakaanguka yote. Nilikuwa nimeshakishika niking'oe, jirani akaniita kutoka uani kwake.

"Acha kwanza! Kwaruza ganda na kucha."

Nikakwaruza. Chini ya ganda palikuwa kijani kibichi.

"Unaona? Haijakufa. Ni jua njo inaichosha. Tafuta fasi ya kivuli."

Tukauhamishia mmea nyuma ya jiko, chini ya mparachichi, ambako udongo haukauki upesi. Nami nikaihamishia cherehani huko huko. Mvua ziliporudi, matawi yalijaa maua: nje mekundu, ndani zambarau, yote yakining'inia kama hereni.

Sasa lile swali likanikaa kichwani. Baada ya mvua moja kubwa niliinua ua na kuchungulia ndani. Mgongo wake ulikuwa unatiririka maji, lakini ndani chavua ilikuwa kavu kabisa. Nikafurahi, nikamwita jirani.

"Ni kama mwavuli," nilimwambia.

Akainama, akachungulia naye. "Sawa. Lakini kama mulango iko chini, mugeni anaingia namna gani?"

Nilishona siku nyingi jicho moja likiwa kwenye nguo, jingine kwenye mmea, na suruali ya mtu ikatoka na mguu mmoja mfupi. Hatimaye alikuja chozi, yule ndege mdogo anayeng'aa, mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Alishika tawi, akajigeuza kichwa chini miguu juu, akatia mdomo ndani ya ua kutokea chini. Alipotoka, paji lake lilikuwa na vumbi la njano. Nilicheka peke yangu.

Maua yalipoanguka, yaliacha vitunda vya kijani, ambavyo huwa vyeusi vikiiva. Nilitaka kuviacha viive nipate mbegu, nione kama zitaota. Lakini kila asubuhi nilikuta vilivyoiva havipo. Nikamlaumu chozi, nikafunga chandarua kuzunguka tawi zima. Vikaendelea kupotea.

Asubuhi moja niliamka mapema na kumkuta mama yangu mzazi, ambaye naishi naye, pale, mkono ukiwa ndani ya chandarua, midomo ya zambarau.

"Mama! Unakula maua?"

"Hapana maua, matunda. Kule Bukavu tulikuwaka tunaichuma yote ku lupango, ku nyumba za batu, tukiwa batoto." Akanipa kimoja. "Onja, halafu useme."

Kilikuwa kitamu chenye uchachu kidogo, na mwishoni kiliwasha ulimi kama pilipili manga. Nikanyoosha mkono nichume kingine.

"Kile bado kuiva," alisema, akausukuma mkono wangu. "Chukua hiki cha huku."