Mashine Iliyoegeshwa Kivulini

Kwa miaka mitatu Murielle Kabwe alikuwa mlinzi wa geti katika yadi ya André Ferreira, upande wa kusini wa Johannesburg, jirani na uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein. Aliandika namba za magari yaliyoingia na yaliyotoka, akafungua geti, akafunga geti. Nyuma yake, ndani ya uzio, zilisimama mashine kumi na moja za kukodisha, na katika hizo kumi na moja hapakuwa na hata moja iliyomshinda kuendesha.

André alilijua hilo kwa sababu aliambiwa. Murielle ni mzaliwa wa Likasi. Alifundishwa kazi mgodini Kolwezi, akaendesha tingatinga miaka sita, masika na kiangazi, katika tope linalong'ang'ania buti mpaka mguu utoke peke yake. Mgodi ulipobadili mmiliki ukapunguza watu, alipanda basi na mtoto mchanga mgongoni, akavuka Zambia na Zimbabwe, akaishia ghorofa ya nane ya jengo moja la Hillbrow. Mtoto huyo, Gaël, sasa ana miaka kumi na minne. Mama akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza.

Cheti cha Kolwezi kiliandikwa kwa Kifaransa. André alikitazama mara moja, akakirudisha kwa adabu. Ili kufanya mtihani wa leseni ya hapa, alimweleza, mtu lazima awe na barua ya mwajiri inayosema kwamba anaendesha mashine. Na asiye na leseni haruhusiwi kuendesha mashine. Murielle alilielewa duara hilo siku ile ile, akarudi getini.

Theluji ilianguka Ijumaa moja ya Septemba, wakati watu wa Johannesburg wameshatundika makoti kabatini. Katika milima iliyo njiani kwenda Durban ilifika kiunoni mwa mtu, barabara kuu ikafungwa, na malori yakalala humo kwa mamia. Duni, dereva wa mashine wa André, alikuwa ng'ambo ya pili ya milima na hakuwa na njia ya kurudi. Jumamosi mchana simu ikalia yadini. Mwenye shamba moja la kondoo huko milimani alikuwa na majike mia nne bondeni, wengine wanazaa, wengine wameishiwa nguvu, hawana malisho. Kutoka barabara ya lami hadi bondeni ni kilomita kumi na nne, na trekta mbili zilizojaribu zilikwama kabla ya kilomita ya pili. Daktari wa mifugo alikuwa amepata. Alichokosa ni chombo kisichozama.

André alikuwa nacho: gari dogo la mizigo lisilo na matairi, linalotembea juu ya mikanda miwili mipana ya mpira, ambalo huwakodisha watu wa kuvuta nyaya za umeme kwenye vinamasi. Kuendesha hakuweza mwenyewe. Mgongo wake ulipasuliwa mwaka jana na daktari alimruhusu lori kwenye lami tu, si kiti cha mashine inayorushwarushwa. Alisimama uani, akatazama mashine, akatazama geti. Kisha akamwuliza mwenye shamba kwa simu kama ana neno endapo dereva hana leseni, maadamu ni ndani ya ardhi yake. Mwenye shamba alijibu kwamba dereva angeweza kuwa hata nyani, mradi afike.

Masharti André aliyatoa kwa sentensi chache. Yeye angebeba mashine kwa lori na kungoja kwenye kituo cha mafuta kilicho kabla ya pale barabara ilipofungwa. Bondeni hakuna mtandao, kwa hiyo huko Murielle angekuwa peke yake na daktari.

"Ikirudi nzima saa kumi jioni, barua yako naandika," alisema. "Ikirudi imevunjika, hata geti sikuachii. Kila kitu gusa. Mvutano wa mikanda usiguse."

Katazo hilo lilikuwa na sababu. Mwaka uliopita Duni alilegeza mkanda mmoja kwa kubahatisha, ukachomoka katikati ya kinamasi, na mashine ikakaa humo siku mbili.

Walitoka Johannesburg Jumapili alfajiri, watatu katika kichwa cha lori. Daktari alikuwa Rispah Chepngetich, Mkenya wa Kericho, mwalimu wa chuo kikuu anayeishi Kensington, mwanamke mrefu wa maneno machache ambaye alipanda na thermosi mbili za chai na hakumpa mtu mpaka aombwe. Alipogundua kwamba mlinzi wa geti ni Mkongo, alihamia Kiswahili, na safari ikawa fupi kidogo. Murielle alimweleza kwamba Kolwezi alitumika na tingatinga miaka sita.

"Ulitumika?" Rispah akasema. "Nani alikutumia?"

"Kampuni."

"Kwetu mtu hufanya kazi, dada. Kinachotumika ni jembe."

"Njo maana kwenu jembe linachoka na watu hawachoki," Murielle akajibu, na daktari akamimina kikombe cha chai bila kuombwa.

Theluji kwa Murielle lilikuwa neno la kanisani. Alilijua kwa weupe wake; uzito wake hakuujua. Saa tatu na nusu asubuhi aliteremsha mashine kutoka kwenye lori, wakapakia marobota ya majani makavu na masanduku ya dawa, akaingia nayo shambani. Theluji ikaibeba. Daktari alishuka kidogo kukagua kamba za mzigo akazama hadi mapajani, wakati kando yake mashine ya tani mbili ilikuwa imedidimia shubiri moja tu. Murielle hakuhitaji kuelezwa. Mkanda mpana hugawa uzito. Ndivyo ilivyo hata topeni.

Njia haikuonekana. Maelekezo yalikuwa kuweka nguzo za uzio mkono wa kushoto, na nguzo zenyewe zilijitokeza vichwa tu, kama safu ya vizibo. Penye mteremko Murielle alishuka moja kwa moja, hakukata ubavu wa mlima, asije akapinduka. Alikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Walipita trekta moja iliyokwama, matairi yake makubwa yamechimba mashimo mawili na kujizika humo.

Baada ya kilomita tano injini ilianza kulalamika. Sauti haikuwa ya injini yenyewe. Ilitoka chini, mluzi mwembamba uliopanda kila mashine ilipopanda. Murielle alisimama, akashuka, akaukanyaga mkanda wa kushoto katikati kwa kisigino. Haukubonyea hata kidogo. Theluji ilikuwa imeingia kati ya mkanda na gurudumu la meno linaloukokota, ikashindiliwa humo tabaka juu ya tabaka, ikaukaza mkanda kama ngozi ya ngoma. Aliitoa kwa koleo. Baada ya nusu kilomita ilikuwa imejaa tena.

Kolwezi hilo lilikuwa na jina na lilikuwa na dawa. Tope likijaa kwenye minyororo ya tingatinga, mnyororo hujikaza wenyewe, na ukiendelea nao hivyo unakata mhimili. Kwa hiyo kabla ya kuingia topeni fundi huulegeza, ili tope lipate nafasi yake. André aliikaza mikanda hii kwa ajili ya vinamasi vya maji, ambamo hakuna kinachoshindiliwa ndani ya mkanda. Murielle alijua alichotaka kufanya, na alijua pia kwamba ndicho kitu kimoja alichokatazwa.

Alimweleza daktari yote mawili. Rispah akauliza itakuwaje asipolegeza.

"Mhimili utakatika. Labda sasa, labda tukiwa kule ndani."

"Na ukilegeza?"

"Nikizidisha, mkanda utachomoka. Njo ile ya Duni."

Daktari alisema yeye anajua kondoo tu; ya mashine aamue dereva. Murielle alichukua spana, akalala kifudifudi kwenye theluji, akaizungusha nati ya mtungi wa grisi unaokaza mkanda, robo ya mzunguko. Grisi ikatoka polepole kama dawa ya meno. Alipokanyaga tena, mkanda ulibonyea vidole vitatu. Akafanya hivyo na wa pili. Tangu hapo kila kona aliikata kwa duara pana, maana mkanda uliolegea hauchukii kitu kama kugeuzwa ghafla, na mluzi haukusikika tena hadi bondeni.

Msimamizi wa shamba, Msotho aitwaye Teboho, aliwapokea saa tano na nusu. Kiswahili hakukijua, lakini Kizulu cha Hillbrow kilimtosha Murielle. Alizunguka na mashine uani, akaona ghala kubwa la mabati, akaiegesha upande wake wa kusini, kivulini. Hakufikiri. Miaka sita alikuwa ameegesha mashine kivulini, kama kila dereva wa Kolwezi, kwa sababu mashine iliyoachwa juani huchoma mapaja ukirudi kukaa, na kivuli kizuri mgodini watu hukigombea. Katika nchi aliyolelewa hakuna mtu aliyewahi kujuta kwa kuegesha kivulini.

Walifanya kazi kwa muda wa saa mbili na nusu. Teboho na Murielle walibeba marobota hadi kwenye zizi la mawe, daktari akapita kati ya majike walioanguka, akiwaingizia dawa ya sukari na kalsiamu shingoni, mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti. Ishirini na saba walikuwa wamekufa. Wengi wa waliobaki walisimama. Saa nane kamili Murielle alirudi kwenye mashine, akawasha, akasukuma mkono wa kwenda mbele. Injini ilinguruma na mashine haikusogea. Kutoka chini ukaja mlio mmoja mkavu. Akaachia mara moja.

Mikanda ilikuwa imefika pale na moto wake, theluji iliyoshindiliwa ndani ikayeyuka, na kule kivulini, upepo ukipita, maji yakageuka barafu. Mpira, magurudumu na ardhi vilikuwa kitu kimoja. Kulazimisha ni kung'oa meno ya mpira.

Teboho alikuja akatazama. Kwao, alisema, siku za baridi trekta huegeshwa juani, juu ya magogo.

"Mbona hukuniambia?" Murielle akauliza.

"Nilidhani dereva anajua."

Walianza na mtaimbo, wakauacha baada ya kupasua ncha ya jino moja la mpira, ndogo kama ukucha. Maji ya moto yaliganda kabla hayajafika ndani. Rispah ndiye aliyekumbuka chumvi ya kondoo. Ghalani yalikuwepo matofali yake, yale wanayolambishwa mifugo. Waliyasaga kwa nyundo, wakakoroga kwenye maji ya vuguvugu, wakamimina kwa birika kati ya gurudumu na mkanda, gurudumu baada ya gurudumu, kumi na manne kwa jumla. Saa kumi, muda wa kuwa kituo cha mafuta, walikuwa wamefikia la sita. Saa kumi na moja mashine ilijitikisa ikasogea.

Njiani kurudi, alama zao wenyewe zilitosha kuwaongoza. Baada ya kilomita kadhaa Rispah akasema kwamba yeye atamwambia André kwamba kondoo ndio waliowachelewesha. Majike mia nne, nani atabisha? Mikanda wangeweza kuikaza tena kabla ya kufika. Hakuna atakayejua.

Murielle alilifikiria pendekezo hilo kwa makini, kwa sababu lilikuwa zuri. Barua ilikuwa upande huo. Funguo za yadi alikuwa nazo. Jumatatu angeweza kuiosha mashine mapema kabla André hajafika. Lakini chumvi ilikuwa imeingia kwenye bearing za magurudumu yote, zile gololi za ndani zinazoyazungusha, na chumvi haitoki humo kwa kumwaga maji juu juu. Lazima gurudumu lifunguliwe, likaushwe, lipakwe grisi mpya. Kazi ya siku mbili, na mlinzi wa geti hafungui magurudumu ya watu bila kuulizwa anafanya nini. Asipofanya, ndani ya mwezi zingelia na kukwama, na mtu mwingine angekuwa juu ya mashine hiyo, mahali pengine.

"Asante, Daktari," alisema. "Acha niseme miye."

"Atakufukuza."

"Labda."

Walimkuta André amesimama nje ya kituo cha mafuta, mikono kwenye makwapa, giza limeshaingia. Kabla hajaanza kuwafokea, Murielle aliongea. Alimweleza kwa Kiingereza chake kilichonyooka kuliko kawaida: mikanda niliilegeza, kilomita ya tano, vidole vitatu. Mashine niliiegesha kivulini ikaganda. Hilo ni kosa langu. Tulitia chumvi. Jino moja la mpira limepasuka. Bearing lazima zifunguliwe wiki hii.

André alizunguka mashine na tochi ya simu. Aliukanyaga mkanda wa kushoto, akaukanyaga wa kulia, akainama kwa shida kutazama lile jino. Akauliza theluji ilikuwa inajaa wapi hasa, na Murielle akamwonyesha kwa kidole, nyuma ya gurudumu la meno. Akauliza kwa nini vidole vitatu na si viwili. Murielle akajibu kwamba kwa viwili mkanda ungeendelea kujikaza penye mlima, na kwa vinne usingevumilia kona.

"Duni angeniambia ni kondoo," André alisema hatimaye.

Mashine ikapandishwa kwenye lori na kufungwa minyororo. Ndipo alipomwambia Murielle kwamba kesho asiende getini. Afungue magurudumu, yote kumi na manne, na akimaliza alete ofisini ile karatasi ya Kifaransa, maana katika barua kuna mahali pa kujaza mtu alijifunzia wapi.

Magurudumu yalichukua siku tatu, si mbili. Mtihani aliufanya Oktoba: wa vitendo alipita kwa dakika kumi na tano, wa maandishi akaanguka, kwa sababu ya maswali ya umbali kutoka kwenye nyaya za umeme yaliyoandikwa kwa Kiingereza kizito. Gaël alimkalisha mezani wiki mbili akimwuliza maswali yale yale, akimsahihisha matamshi bila huruma. Novemba akapita. Getini sasa yuko mtu mwingine, na Murielle akitoka na mashine asubuhi, mtu huyo humsimamisha na kuandika namba.