Jozi Mbili

Bei ya kahawa ilipozidi kuanguka, baba aling'oa sehemu ya mibuni yetu pale Kibosho akaongeza migomba. Kaka yangu mkubwa alikuwa tayari kiongozi wa watalii mlimani. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza shule bila kazi, nikamwomba aniombee nafasi kwa wenzake. Wakati huo wanawake waliobeba mizigo mlimani walikuwa wachache mno, na watu wa kanisani walimuuliza mama kama nimekosa mume.

Kaka alikubali, ila akasema sitapanda na raba. Tukashuka Moshi mjini, hadi soko la mitumba. Mabuti yalikuwepo, lakini yote ya wanaume, tena wanaume wakubwa wa Ulaya. Muuzaji alizungumza na kaka tu, kana kwamba miguu ilikuwa yake. Niliona jozi nyepesi ya ngozi na kitambaa iliyokaribia kunitosha, nikaishika. Kaka akaninyang'anya, akairudisha kwenye rundo. Yeye alichagua mabuti ya plastiki ngumu, yenye kiatu kingine cha sufu ndani, ya watu wanaopanda barafu.

Nikamwambia siku nyingi nitakuwa msituni na kwenye mawe, theluji ni asubuhi moja tu.

"Msitu hauui mtu," akasema. "Kinachoua ni baridi ya kule juu."

Nililipa kwa pesa zangu za vibarua, nikayabeba nyumbani nikiwa nimenuna.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa kiangazi, na kundi lisilo la kaka. Vumbi lilikuwa linafika magotini. Miguu ilichemka ndani ya plastiki ile kama ndizi kwenye sufuria. Soksi nilizojaza mbele zilijikunja, visigino vikateleza, kingo za juu zikanichubua miguu. Kupanda nilivumilia. Kushuka, kila hatua vidole viligonga mbele, na mwisho niliyavua nikamalizia njia kwa kandambili, mzigo kichwani. Wagumu wenzangu, ndivyo wapagazi wanavyojiita, walicheka mpaka getini. Kucha za vidole gumba zikawa nyeusi, kisha zikang'oka.

Kaka alipoziona alisema nitazoea. Juma lililofuata nilirudi sokoni peke yangu. Ile jozi nyepesi ilikuwa imeshauzwa, nikapata nyingine inayofanana, nadhani ilikuwa ya mvulana wa Kizungu. Ilinikaa vizuri. Kiangazi chote nilipanda nayo nikiwa na furaha, na kila nilipokutana na kaka nilihakikisha anaiona.

Masika yakaingia, na kwa mara ya kwanza nikapangwa kwenye kundi lake. Msituni tope lilipenya kwenye mishono siku ya kwanza tu. Juu zaidi mvua iligeuka theluji, na mabuti yaliyolowa yakaanza kukakamaa. Mchana wa siku ya tatu nilikuwa sihisi vidole. Nilijaribu kuficha, lakini nilikuwa nachechemea. Kaka alinikalisha juu ya jiwe, akanivua, akavisugua vidole. Kisha akagawa mzigo wangu kwa wengine, akaniambia nishuke na mgumu mmoja aliyekuwa anakohoa. Nilikataa mbele ya watu wote. Akarudia amri ile ile kwa sauti ya chini, akaondoka. Nilishuka nikilia kwa hasira.

Aliporudi nyumbani, mama alikuwa amempakulia mtori. Nilileta jozi zote mbili nikaziweka mezani, karibu na bakuli lake. Mama akaniambia niondoe uchafu huo, sikuuondoa.

"Haya ya kwako yamening'oa kucha," nikamwambia. "Haya ya kwangu yameniletea aibu. Sasa sema wewe, nivae nini?"

Alikula vijiko kadhaa kwanza.

"Yote mawili," akasema. "Mimi msituni navaa mepesi. Yale mazito yapo kwenye mzigo, nayavaa nikifika kambi ya mwisho."

Nilikuwa sijawahi kupanda naye hadi kambi ile. Nilidhani buti nililoliona mguuni pake getini ndilo analofika nalo kileleni.

"Kwa nini hukuniambia tulipokuwa sokoni?"

"Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

Mama alicheka, mimi sikuweza. Kucha zilikuwa bado hazijaota vizuri.

Tangu hapo nilipanda na jozi mbili. Fundi viatu mmoja wa Shirimatunda alinishonea vipande vya blanketi ndani ya yale ya plastiki, yakapungua kuteleza, ingawa hayakuwahi kunikaa sawasawa. Mazito ya kaka yalibebwa na mgumu. Yangu niliyafunga kwa kamba juu ya mzigo wangu mwenyewe, yakinigonga mgongoni njia nzima, na kwa miaka mingi hakuna aliyejitolea kunipokea mabuti hayo.